Mbeleko Kwenye Theluji

Habari ya kifo cha Bibi Salha nilipewa na Happy kwa simu, tena akiwa anatafuna kitu. "Tatu, yule bibi yako wa Qurum katutoka. Wameshamzika. Wanawake bado wanapokea pole, utaenda?" Nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, hapa Mawaleh, Maskati, kwenye duka la kufulia ninakofanya kazi sasa, kanzu ya mteja mbele yangu. Sikulia. Nisidanganye. Kitu cha kwanza kilichonijia ni hofu, na cha pili hasira, kwa sababu wiki ile ile mwanangu Nuru alikuwa ameniambia kwa simu kutoka Kondoa, "Mama, kanga yangu imeisha," na katika dunia nzima mtu pekee aliyeweza kuirudisha kanga ile alikuwa huyo huyo bibi ambaye sijamsamehe. Kanga haiishi kama sabuni, najua. Ya kwetu inaisha. Ili nieleze inaishaje, lazima nirudi kwenye mwaka niliofanya kazi nyumbani kwake, mwaka niliojua kwamba kuna kitu kinaitwa sanaa ya kisasa. Nikakijua kwa ubaya.

Habari za ukoo wangu naziruka. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto anayejifunza kutembea, na baba wa mtoto ambaye simwandiki hapa kwa kuwa hastahili wino. Chumba changu kwa Bibi Salha kilikuwa nyuma ya jiko, kati ya mashine ya kufulia na stoo ya mchele, na kiyoyozi chake kilitetemeka kama mtu mwenye homa. Chini ya mto nilikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, na ndani yake kanga moja kuukuu yenye maneno NILIOMBA NIKAPEWA. Ndiyo iliyokuwa mbeleko ya Nuru tangu arobaini yake. Sikuifua kabla ya kuondoka, na nilifanya hivyo makusudi. Ilinuka maziwa yaliyochacha, mafuta ya nazi, moshi wa jikoni kwa mama na kojo kidogo. Ilinuka Nuru. Kila Ijumaa, nikimaliza vyombo vya mchana, niliufungua mfuko kidogo tu, naingiza pua, nafunga haraka. Harufu ni kama gesi ya mtungi, ukiiachia inakwenda. Msinicheke, maana wengi wetu huku tunafanya hivyo na hatusemi. Happy, mtu wa Mbeya, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, alikuwa na soksi moja ya mwanawe. "Wewe una shuka zima na bado unalalamika," alikuwa ananitania. "Mimi nanusa kidole gumba."

Nilikuwa nalalamika kwa sababu nilikuwa naona mtoto anaponyoka. Mwanzoni nikipiga simu ya video alikuwa analia. Baadaye akaacha kulia, nikafurahi kama mjinga, mpaka nilipoelewa kwa nini. Siku moja mama yangu alimwekea simu usoni akamwambia, "Nani huyu? Sema, nani?" Nuru akacheka, akakibusu kioo, akasema, "Simu!" Mama akamrekebisha, mama huyo, sema mama. Mtoto akageuka akamshika bibi yake shavu. "Mama," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Simu." Nikacheka nao wakacheka. Nilipokata nikakaa juu ya gunia la mchele nikajiuliza kama kuna umri ambao mtoto akishaupita basi tena, hakurudii. Hakuna niliyemuuliza. Ningemuuliza nani, na jibu lenyewe ningelifanyia nini nikiwa huku? Tangu hapo nikawa naogopa kila kitu: mtandao ukikatika, mama akichelewa kupokea, na zaidi ya yote ule mfuko, maana kila Ijumaa nilihisi harufu imepungua, halafu najiambia hapana, pua yako ndiyo ina mafua ya kiyoyozi.

Bibi Salha hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Mtu mbaya unamchukia ukamaliza. Yeye aliondoka Unguja msichana, akazeekea Maskati, na nyumbani kwake Kiswahili na Kiarabu vilikuwa vinapokezana ndani ya sentensi moja. Alinilisha kwanza kabla sijaanza kazi. "Ushakula? Hujala. Kaa chini, mie siwezi kutazamwa na mtu mwenye njaa," ananisukumia mkate wa kumimina na chai ya mchaichai. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni udi. Aliuchanganya mwenyewe, na misiki na sukari na maji ya waridi, kwa kipimo alichokijua yeye, na kila nguo ya nyumba ile ilipitishwa juu ya chetezo kabla ya kuvaliwa: kanzu, mashuka, mapazia, nepi za mjukuu, mpaka fulana zangu za kulalia. Nikitoka nje, Happy alikuwa ananisikia harufu kabla hajaniona. "Bi arusi huyo kaja," anasema, na mimi nimebeba takataka.

Bintiye ni Asila. Alikuwa na mtoto mchanga, Maryam, na kazi yake ilikuwa sanaa, jambo ambalo mama yake hakulielewa hata kidogo. Dirisha la kupitishia sahani kutoka jikoni lilikuwa linafungukia sebuleni, kwa hiyo nilisikia magomvi yao yote huku naosha bilauri. Siku moja Asila alikuwa anaeleza kwamba amealikwa Ulaya, kwenye mji mmoja wa milimani ambako matajiri wanakwenda kuteleza kwenye theluji kwa mbao, na wakati wa baridi wanaweka maonyesho ya sanaa huko huko juu. Anataka kutundika kanga kwenye kamba. "Kanga za nani?" Bibi akauliza. "Za wanawake wanaofanya kazi majumbani hapa, mama. Kuukuu, walizotoka nazo kwao." "Yaani unasafiri kwa ndege mpaka Ulaya kwenda kuanika nguo?" "Mama, ni sanaa." "Mbona Tatu anaanika kila siku hapo nyuma, hakualikwa popote?" Nilicheka mpaka bilauri ikaniteleza.

Asila alikuja jikoni mwenyewe kuniomba. "Tatu, habibti, wewe una marafiki. Nikusanyie. Nitazirudisha zote, wallahi." Nikamkusanyia. Happy akatoa yake, na wengine tunaokutana nao wakitoka kununua mboga, na mimi nikatoa doti yangu mpya ambayo haina maana yoyote kwangu. Akaitazama. "Hii mpya. Huna nyingine, ile iliyofanya kazi?" Nikamwambia sina, akanirudishia doti yangu, nikawa naivaa. Alikuwa amewahi kuniona na ule mfuko, najua, kwa sababu macho yake yalikwenda mlangoni kwa chumba changu. Kanga zote zikawekwa chumbani kwangu juu ya kiti, zisubiri kufungwa. Nami nikaambiwa nitafuatana nao, maana Maryam alikuwa halali mgongoni kwa mtu mwingine.

Siku niliyopelekwa kuweka alama za vidole kwa ajili ya viza, nilirudi mchana nikakuta kiti kitupu. Nikainua mto. Hakuna mfuko. Nikakung'uta mashuka, nikapekua mpaka nyuma ya magunia ya mchele. Asila akanieleza kwa furaha kabisa kwamba mzigo umeshachukuliwa, umetangulia, mama yake ndiye aliyezitengeneza kanga na kuzifunga. "Na ile ya kwenye nailoni?" nikauliza. "Zote zilizokuwa chumbani, si ndizo? Usijali, zitarudi." Ningeweza kumwendea Bibi pale pale nikamuuliza, umeifua? Umeitia udi? Alikuwa amekaa sebuleni anachambua tende. Sikuuliza. Nilijiambia walikuwa na haraka, gari lilikuwa linasubiri, labda aliitia tu ndani ya sanduku na mfuko wake. Nikaishi juu ya hiyo labda mpaka siku ya safari. Ijumaa ikafika sina cha kufungua. Nikapiga simu, Nuru akaja mbio na mdomo umejaa ugali, akasema "Simu," akaondoka zake kucheza.

Ule mji wa theluji sitaumaliza kuuelezea. Kila kitu kilikuwa cheupe na ghali, na watu wanatembea kama wamevunjika miguu kwa sababu ya viatu vyao vya kutelezea. Nilikuwa na jaketi la Asila, na ndani ya jaketi Maryam mgongoni, nimemfunga kwa ile doti yangu mpya aliyoikataa Asila. Wazungu walikuwa wanatupiga picha bila kuomba. Asila alinitembeza kwenye maonyesho, na lazima nikiri alinieleza kama anamweleza mtu mwenye akili. Kulikuwa na chumba kizima cha kioo, ndani yake kiti kimoja, na mlinzi wa kulinda kiti. Kulikuwa na rundo la makaa limewekwa juu ya zulia jeupe. "Sasa hii ni nini?" nikamuuliza. Akasema, "Sanaa ya kisasa haikuulizi kama ni nzuri, Tatu. Inakuuliza, wewe uko wapi ukiitazama?" Nikamwambia mimi niko hapa na mtoto wako mgongoni, nasikia baridi. Akacheka. Lakini neno lile lilinikaa. Nilikuwa natafuta jambo moja tu, kamba ya nguo, na kila tulipogeuka kona nilitangulia kuchungulia kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Ilikuwa nje, mlimani, nyuma ya hoteli. Kamba ndefu imefungwa kwenye nguzo, inapanda na mteremko, na kanga zetu zimebanwa kwa vibanio vya kawaida vya nguo. Zilikuwa zimeganda. Sijui kama mnaelewa. Kanga, kitu laini kuliko vyote, zilikuwa zimekauka kwa barafu kama mbao, na upepo ukija zinagongana, zinalia kama sahani zinazopangwa kabatini. Nyekundu, za njano, za kijani, na nyuma yake weupe mtupu mpaka mbinguni. Watu walisimama wamenyamaza, kofia mikononi. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anasoma kibao cha maelezo huku anafuta macho. Ilikuwa nzuri. Naisema wazi kwa sababu niliwahi kuwaambia wenzangu kwamba ulikuwa upuuzi, na haukuwa upuuzi. Niliona ya Happy, niliona zetu zote, nikatuona sisi wenyewe tumesimama pale nje kwenye baridi, hatuna mikono, hatuna vichwa, tunagongana. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha nilipo namna ile. Na hiyo ndiyo iliyonitia hasira zaidi kuliko kama ingekuwa mbaya. Maana kibao kilisema kanga za wafanyakazi wa ndani, Maskati, na chini yake jina la Asila. Basi. Halafu nikaiona yangu, katikati. NILIOMBA NIKAPEWA.

Nikavuka uzi waliouweka wa kuzuia watu. Nikatoa kibanio cha kwanza, kigumu, vidole vinauma. Asila akanijia mbio. "Tatu! Usiiguse, hiyo iko ndani ya kazi!" "Kazi ya nani?" "Nitairudisha, nimekwambia, ikiisha—" "Hii sikukupa. Hii ni ya mwanangu. Ulijua ni ya mwanangu." Mlinzi akaja anasema Kiingereza, watu wakageuka, Maryam akaanza kulia mgongoni. Nikatoa kibanio cha pili. Shida ni kwamba kanga iliyoganda haikunjiki. Niliibeba kwapani kama mtu aliyenunua ubao wa dari, nikapita nayo mapokezi ya hoteli, mlango wa lifti ukakataa kufunga kwa sababu ya ncha yake, nikapanda ngazi. Hakuna aliyenizuia. Nafikiri walidhani na mimi ni maonyesho.

Chumbani niliiegemeza kwenye hita, nikamlaza Maryam kitandani, nikakaa sakafuni mbele yake. Ilikuwa mchana, jua linapiga dirishani. Ilianza kulegea kwenye pindo la chini, maji yakadondoka kwenye zulia, kisha katikati ikajikunja kama mtu anayepiga magoti. Nikawa nasubiri. Nilijua kitakachokuja kwanza ni moshi wa jikoni, moshi ndio mkaidi, halafu maziwa. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa hita. Na ilipopata joto, harufu ikatoka yote kwa mara moja, ikajaa chumba, tamu, nzito, ya sherehe. Udi. Misiki na waridi na sukari iliyoungua. Niliikunjua, nikanusa pindo, nikanusa katikati alipokuwa anaegemeza shavu, nikanusa pale alipokuwa anakojolea. Udi kila mahali. Niliinusa mpaka nikatapika.

Tuliporudi Qurum nilimkuta Bibi Salha anakunywa kahawa, nikaiweka kanga mapajani kwake. "Bibi, uliifua hii?" "Nliifua kwa mkono wangu, mwanangu, nkaifukiza barabara. Ilikuwa inanuka." "Ilikuwa inanuka mwanangu!" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima kabla ya hapo, na Asila alikuwa amesimama mlangoni anatazama sakafu. Bibi aliweka kikombe chini polepole. "Nguo ya mtu haitoki kwangu haina udi. Nkupelekee nguo yako mbele ya watu inanuka mkojo? Wangekuonaje?" "Hukuniuliza!" "Na wewe hukunambia." "Ningekwambia nini, Bibi? Kwamba nanusa nguo chafu?" Aliishika kanga, akaisogeza puani, na nikaona anatafuta, kwa kweli anatafuta, kama mtu aliyeangusha sindano. Akairudisha. "Simsikii," akasema. Hakuniomba radhi, wala siku hiyo wala baadaye.

Sikutaka kuiona tena. Happy alikuwa anakwenda likizo, nikamwambia ampelekee mama yangu, aitumie ya kupangusia meza akitaka. Bibi Salha akasikia. Asubuhi Happy anakuja kuchukua mzigo, Bibi akatoka na kopo la halua, ndani amejaza udi wake. "Huu nao mpe mama yake Tatu. Mwambie aifukize ile kanga kila ikichuja." Niliona ananidhihaki. Ameniulia mtoto puani, sasa ananipa na bunduki. Ningelitupa lile kopo, ila Happy alishalitia begini. "Acha ujinga," akaniambia, "udi wa bure huo."

Yaliyofuata sikuyapanga. Mama alimfunika Nuru ile kanga, mtoto akainusa, akauliza hii nini? Na mama yangu, mtu wa maneno machache, akamjibu, "Mama yako. Ndivyo anavyonuka." Hakusema uongo. Fulana zangu, nywele zangu, ngozi yangu, vyote vilikuwa udi wa Bibi Salha. Mtoto akawa haachani na kanga ile. Akataka iwekwe kwenye mfuko. Na mkataba ulipoisha nikateremka stendi Kondoa, nina hofu ambayo sina neno lake, nimejiandaa kuitwa Simu mbele ya watu, yule mtoto alinitazama kutoka nyuma ya gauni la mama yangu, mgeni kabisa, macho makavu. Hakunijua sura. Nikachuchumaa, sikumgusa. Akaja taratibu, akaweka pua hapa, shingoni. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akapanda mgongoni kwangu mwenyewe, bila kuombwa.

Sasa nimerudi Maskati, maana mapenzi hayalipi ada. Duka la kufulia linanuka sabuni na mvuke, na mimi nanuka hivyo hivyo. Kopo la halua limekwisha. Na Nuru, mtu mkubwa sasa, anasoma, kaniambia, "Mama, kanga yangu imeisha. Siku hizi inanuka bibi na moshi wa jiko lake tu."

Kwa hiyo nilikwenda Qurum kutoa pole. Nilipoingia, wanawake wamekaa kimya na juzuu za Kurani mikononi, nyumba haikufukizwa kitu. Asila kazeeka ghafla. Alinikumbatia, akanikalisha jikoni, kwenye kiti changu kile kile, akanimiminia chai mwenyewe. "Ile kazi bado inazunguka, Tatu, nchi nyingi. Nafasi yako sikuijaza. Nimeacha wazi na vibanio viwili. Watu wanasimama hapo kuliko pengine pote." Nikamtazama. "Hata pengo langu umelichukua," nikamwambia. Nikasema, "Nimekuja kuomba kitu. Udi wa mama yako." "Wa nini?" Kilinifika mdomoni, Nuru na mfuko na shingo yangu pale stendi, nikakimeza. Nimeshajifunza. Ukiwaambia, wanatundika. "Wa nguo," nikasema.

Alichelewa huko ndani mpaka nikajua hatanipa. Akarudi na kopo, nusu yake. "Ndio wote uliobaki. Mie hakunifundisha kuchanganya," akasema. Akalifungua kidogo tu, akaingiza pua, akalifunga haraka. Sikumuuliza anafanya nini. Kisha akatafuta kijiko, akatoa mfuko wa nailoni kwenye droo, akagawa, yangu ikazidi kidogo yake. Sijamsamehe, wala mama yake. Nikavua mpira kwenye nywele zangu, nikafunga mfuko wangu. Yeye alikuwa amesimama na kopo lake wazi, amelisahau, harufu inamwagika hivi hivi jikoni.

"Lifunge hilo," nikamwambia. "Na usiwe unalifungua kila siku. Ijumaa tu."